Mama Alipotoka Kwenye Foleni ya Meza ya Bwana

Jumapili iliyopita, hapa Kitengela, mwanamke mmoja alitoka kwenye foleni ya Meza ya Bwana, nikamkumbuka mama. Nilipokuwa mtoto, yeye pia alitoka hivyo, kanisa zima likimtazama. Nilidhani pasta amemfukuza. Nilimfuata kwa aibu, vumbi la viwanda vya simiti likinijaa puani, hadi kwa jirani yetu Mama Naserian, aliyekuwa akikaanga vitunguu. Yeye na mama walikuwa wamegombania maji ya bomba la ploti tuliyopanga pamoja.

“Nilikutukana,” mama akamwambia. “Siwezi kushiriki tukiwa hivi. Nisamehe.”

Mama Naserian akazima jiko. “Wacha nivae viatu, twende wote.”

Walirudi kanisani wameshikana mikono. Mimi, bado nikiona aibu, nilitembea mbali nyuma yao, ili watu wasijue huyo ni mama yangu.