Kopo la Flashi Zilizosahauliwa

Juzi kwenye saiba moja, duka la intaneti, ya River Road hapa Nairobi, mama mmoja aliyevaa suti ya kijani aliuliza kama kuna aliyeokota flashi yake, aliyohifadhia faili zake. Mhudumu akatoa kopo la biskuti lililojaa flashi za watu.

"Yako ni gani, mathee?"

"Nyeusi."

Karibu zote zilikuwa nyeusi. Basi mhudumu akaanza kuzichomeka moja moja kwenye kompyuta, skrini ikitutazama sisi wa foleni. Tukasoma barua ya kuomba kazi, tukasoma hati ya talaka ya matajiri wa mtaa wa Lavington. Ya nne ikakataa kufunguka bila neno la siri.

"Hiyo ndiyo yangu," mama akasema, mkono ameshanyoosha.

"Nitajuaje? Taja paswadi."

Akainama, akanong'ona.

"Sikusikii, mathee. Herufi moja moja."

Akazitaja moja moja, macho sakafuni. Flashi ikafunguka: majibu yake ya hospitali, jina juu, ugonjwa chini. Foleni nzima ikasoma.

"Ni yako kweli," mhudumu akamwambia kwa upole. "Siwezi kupeana kitu ya mtu ovyo ovyo."

Najua mmezoea niwachekeshe katika safu hii. Lakini kilichonivunja moyo ni kwamba kisa hiki hakina mwizi hata mmoja.

Mhudumu akanigeukia. "Na wewe mzee, umepoteza gani?"

"Sijapoteza," nikasema, nikatoka. Yangu imo koponi hadi leo, nyeusi, na haina hata neno la siri.