Kifilimbi cha Wifi Yangu

Mume wangu hutengeneza meno. Si daktari. Daktari hung'oa, yeye hurudishia. Kwa miaka ishirini na sita amekaa chumba cha nyuma cha kliniki moja, aproni imeganda plasta, akichonga nta ya rangi ya waridi na kupanga meno kwenye ufizi wa plastiki, moja moja, kama mpiga picha anayepanga watoto kwa vimo. Mtaani wanamwita Fundi Meno. Watu wakikutana naye hufunga midomo kwanza, ndipo wanamsalimu.

Ana kawaida moja kazini. Mgonjwa haondoki na meno mapya kabla hajaambiwa, "Hesabu kuanzia sitini." Sitini, sitini na moja, sitini na mbili. Jino likikaa vibaya, hata kwa unene wa ukucha, hizo *s* zitapiga filimbi. Hapo atayachukua, atasaga kidogo, atayarudisha, na kusema tena, "Hesabu." Bibi mmoja aliwahi kuhesabu mpaka mia na kumi, akatoka ananuna kwamba hakuja pale kusoma shule ya msingi.

Mtu mmoja tu hakumhesabisha, naye ni dada yake.

Wifi yangu alikuwa akitoa nakala za karatasi kwenye duka la vifaa vya ofisi, na alikuwa na sauti. Mimi na yeye hatukupikika chungu kimoja, sitadanganya. Alikuwa anaingia jikoni kwangu na kufunua masufuria kabla hajanisalimu. Lakini akianza kuimba huku anakausha vyombo, nilikuwa nafunga bomba ili maji yasipige kelele.

Siku moja aliteleza kwenye ngazi zilizodekiwa, jino la mbele likakatika. Kaka yake akamtengenezea jingine saa ya chakula, mbiombio, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kwa sababu mwenyewe ni ndugu. Mganga hajigangi, na fundi ndugu zake huwahudumia kwa mkono wa kushoto. Alimchomekea, akamwonyesha kioo, akamwambia, "Haya, nenda."

Jioni ile wifi alinijia akijishika shavu kwa kicheko.

"Wifi, kaka kaniwekea nyoka mdomoni. Sikia: sasa, sisi, sisimizi." Kila *s* ilitoka na kifilimbi chembamba. "Lakini usimwambie. Atanilaza tena kwenye kile kiti chake."

Sikumwambia. Kaka yake alikuja kusikia mwenyewe, akamwita mara tatu aje amrekebishe, naye akajibu mara tatu, "Nitakuja Jumamosi." Jumamosi zikapita. Kisha damu yake ikaugua, ugonjwa ukamla miezi mitatu, tukamzika. Tulipotoka makaburini mume wangu aliniambia neno moja tu: "Nimemzika na jino bovu."

Aliacha binti wa miaka kumi na minne. Akaja kwetu na begi la nguo na kompyuta iliyofungwa kwenye taulo. Sasa ana kumi na minane, yuko chuo, ni mtoto wa adabu na wa maneno machache. Akirudi hula, huosha sahani yake, hufunga mlango wa chumba chake. Tulijua anacheza mchezo wa vita. Tukasema, vijana ndivyo walivyo.

Jumamosi moja alasiri mume wangu alikuwa anakaza bawaba ya mlango wa bafu, mimi nakunja nguo. Kutoka chumbani kwa binti ikaja sauti ya mwanamke, polepole, bila ala hata moja:

*Sasa pumzika, safari imesha.*

Na kwenye *sasa*, na kwenye *safari*, na kwenye *imesha*, kile kifilimbi.

Shati nililokuwa nimelishika sikumbuki nililiweka wapi. Mume wangu aliketi chini palepale kwenye korido, bisibisi mkononi, akanitazama kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona.

Hakusema, "Ni dada." Alisema, "Ni jino langu."

Tuliingia. Binti hakugeuka. Kwenye skrini kulikuwa na benchi refu la mbao, viatu vya askari vimepangwa juu yake, na mkono wa mwanamke unavipaka rangi. Basi, mkono tu.

"Mwanangu," mume wangu alisema, "hiyo sauti ni ya nani?"

"Ya Mama," alijibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka jana, Mjomba. Jina lake liko mwishoni, kwenye orodha ya walioutengeneza."

Akatueleza. Vijana fulani walipanga chumba juu ya duka la rangi, wakabandika magodoro ukutani kuzuia kelele, wakatengeneza mchezo unaoitwa *Daraja la Saba*. Mama yake alienda mara moja tu, akaimba, akasahau. Mchezo ulitoka yeye akiwa ameshazikwa miaka miwili. Ukapata wapenzi wengi, mpaka nchi ambazo watu wake hawajui neno moja la wimbo ule.

Mchezo wenyewe, kwa nilivyouelewa, ni wa akili. Una kikosi cha askari wanane. Uwanja umegawanywa miraba. Unamsogeza huyu, unamficha yule nyuma ya ukuta, kisha adui naye anasogeza wake. Ila askari akifa, amekufa. Hakuna kumrudisha. Viatu vyake vinabaki kwenye lile benchi mpaka mwisho, na kila vita inayofuata unavikuta vinakungoja.

Mume wangu alivuta kigoda, akakaa kutazama. Kulikuwa na askari mwenye skafu ya njano. Binti alimtoa nyuma ya ukuta, akampeleka katikati ya uwanja mweupe.

"Hapo hapana pa kujificha. Atapigwa."

"Najua, Mjomba."

"Sasa unampelekea nini?"

Binti alimsogeza mraba mwingine. Kisha akasema, "Wote wakirudi salama, inapigwa ngoma fupi tu, basi. Asipokufa mtu, haimbi."

"Umewaua wangapi?"

"Sijui. Mia mbili na kitu."

Nilitoka nikaenda jikoni nikashika kingo za sinki. Mwaka mzima yule mtoto alikuwa ananiambia shikamoo na kuosha sahani yake, kisha anakwenda kufunga mlango ili afiwe.

Baada ya siku hiyo alituonyesha kundi la wachezaji kwenye simu. Maelfu ya watu, na wengi wao hawazungumzii ushindi. Wanamzungumzia yeye. Wanamwita Mfuta Viatu.

"Mchezo mwingine ukishinda unapigiwa tarumbeta," mmoja aliandika. "Huu ukishinda unaona aibu."

Mwingine: "Mimi nazima sauti kabla hajaanza. Nina familia, siwezi kulia kila siku."

Na juu ya kifilimbi, Mungu wangu, walivyogombana! Wapo waliosema ni upepo unaopita kwenye tundu la risasi, kwa hiyo Mfuta Viatu mwenyewe amekufa, alipigwa vita ya kwanza, na ndiyo maana hatuoni uso wake. Wapo waliosema ni mama wa kamanda, anamwita mwanawe kwa mluzi wa utotoni. Kuna aliyepunguza kasi ya wimbo mara nane na kuapa kwamba anasikia jina. Mwenzake akamjibu: "Ukipunguza mara nane hata jogoo atataja jina lako."

Mume wangu alisoma yote, miwani yake ya kazini puani. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Ikawa akirudi kazini, kabla hajavua viatu, "Wamesema nini leo?" Binti anamsomea. Walikaa wawili wao kama watu wanaosikiliza habari za mgonjwa aliye mbali.

Lakini kazini mambo yaliharibika. Mgonjwa akifika sitini na sita, *s* ikilia kidogo, mikono yake inakufa ganzi. Akaacha kuwahesabisha. Alikuwa anawavisha, anawaambia, "Haya, nenda." Wagonjwa watatu walirudi na vidonda vya ufizi, na daktari mwenye kliniki akamwita pembeni. Kwangu aliniambia, "Nikimsikia mtu anapiga filimbi, siwezi kuiondoa. Naona kama nitamnyamazisha."

Haikufika mwezi, binti alikuja jikoni uso umemshuka.

"Anti, wamemng'oa."

Wenye mchezo walikuwa wametoa toleo jipya. Picha zimeng'arishwa, sauti zimesafishwa. *Sasa pumzika, safari imesha* ilitoka laini kama hariri, bila kifilimbi. Ilikuwa sauti ya wifi yangu na haikuwa yeye. Mume wangu aliisikiliza mara moja, akasema, "Hivi ndivyo angesikika kama ningefanya kazi yangu," akaenda kusimama uani.

Kundi liliwaka moto. "Rudisheni kifilimbi." "Nani aliwaambia tunataka usafi?" Na mmoja, ambaye hakujua alichokuwa anasema, aliandika: "Mmemzika mara ya pili."

Ndipo mume wangu akaomba simu. Aliandika kwa vidole viwili, saa nzima, akikataa kusaidiwa:

"Mimi ni fundi wa meno. Hicho kifilimbi si risasi wala si mluzi. Ni jino la juu, la mbele, upande wa kushoto. Nililitengeneza mimi, kwa haraka, saa ya chakula. Mwimbaji alikuwa mdogo wangu. Amefariki. Kosa ni langu, si lake. Naomba mlirudishe."

Majibu yakamiminika. "Hadithi tamu, lete ushahidi." "Fundi meno! Kesho atakuja fundi viatu." Mmoja aliumia kweli: "Afadhali ningebaki na risasi yangu. Sasa nikimsikia nitaona kiti cha kung'olea meno." Mwingine akaandika, "Mzee, usiombe msamaha. Baba yangu alikuwa anakohoa kabla ya kusema neno. Ningekipata mahali kile kikohozi, ningehamia huko." Mume wangu alilisoma hilo, akalirudia, akazima simu.

Siku ya tatu uliingia ujumbe wa faragha. Alikuwa mmoja wa wale vijana wa juu ya duka la rangi, mtu wa muziki. Alimkumbuka. Hakujua kwamba alikuwa amefariki. Alisema kifilimbi kitarudi wiki ijayo, na kweli kilirudi. Kisha akasema ana rekodi nzima ya siku ile, dakika arobaini, pamoja na maongezi, kama familia ingependa.

Ilituchukua wiki mbili kuamua. Tuliisikiliza Jumapili mchana, watatu tumekaa juu ya kitanda cha binti, kompyuta kwenye kiti.

Wifi alikohoa kwanza. Akaomba maji. Akalalamika magodoro yananuka. Kisha akauliza, "Huyu ninayemwimbia ni nani?"

Sauti ya kijana ikajibu, "Askari tu. Yeyote aliyekufa."

"Ameacha mtoto?"

"Hilo hatujalifikiria, dada."

"Basi fikirieni. Mimi siwezi kumwimbia mtu nisiyejua ameacha nini."

Kijana akasema, "Haya. Ana mtoto mmoja." Naye akaimba. Aliimba mara tano, na baada ya mara ya tano akasema, "Imetosha? Nina mtoto wa kumchukua shule."

Ikakatika.

"Alichelewa siku hiyo," binti alisema. "Nilibaki getini na mlinzi. Nilimnunia mpaka nyumbani."

Mume wangu alikuwa ameinama. "Hajasema," alisema. "Dakika arobaini. Kuhusu jino, hajasema chochote."

Nikaona sina pa kukwepea. "Mimi aliniambia," nikasema. "Siku ileile ulipomwekea. Alisema umemwekea nyoka mdomoni. Akanikataza nisikuambie."

Aliniinulia uso. Nilidhani atakasirika, angekuwa na haki. Miaka yote ile alikuwa akiubeba ule mzigo peke yake, nami ninao ufunguo mfukoni.

"Alikasirika?"

"Alicheka."

"Alicheka vipi?"

Nilijaribu kumwonyesha. Nilifungua mdomo, nikajaribu kile kicheko chake kilichokuwa kikiniudhi jikoni kwangu, kikanitoka kibovu, nusu kikohozi. Nikaacha. Binti akaweka kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kazini amerudia kuhesabisha watu. Daktari hana neno naye. Kundi bado linagombana. Wapo wanaoshikilia kwamba habari ya jino imetungwa na wenye mchezo ili wauze. Binti bado anacheza. Kuna wiki nasikia ngoma fupi tu, siku baada ya siku, nami napumua. Kisha kuna wiki wifi anaimba mfululizo, na tunakula bila kuongea.

Juzi nilibaki nyumbani peke yangu. Nilikuwa nafagia chumba chake, kompyuta iko wazi, mchezo umesimama ulipoachwa. Mimi sijui kucheza. Lakini nimewatazama vya kutosha kujua unabonyeza wapi. Palikuwa na askari mmoja mwenye miwani amejikunyata nyuma ya ukuta. Nilimwangalia muda mrefu. Kisha nikamtoa, nikampeleka mraba mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka pale pasipokuwa na kitu.

Nilisimama na ufagio wangu mpaka wifi alipomaliza.