Bandama ya Mtani Wangu

Ukifika langoni kwetu siku ya mvua, kisome kibao taratibu. Rangi ya juu ni nyepesi, na ikilowa maneno ya zamani huchungulia kwa chini: hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha ya rufaa, na mwisho kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu nafasi ilimwishia mchoraji, "na Kufundishia Madaktari". Mchoraji ni yuleyule mara zote. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakwangui rangi ya zamani kwanza. Akaniambia, "Daktari, nikwangue ya nini? Kesho si mtapandishwa tena?"

Mimi ni wa darasa la kwanza la chuo hiki. Nalisema hilo kwa majivuno, ingawa wakati ule hakuna aliyetuonea wivu. Ukumbi wetu wa mihadhara ulikuwa chumba cha kufulia mashuka. Mfereji wa maji machafu ulipita katikati ya sakafu, na mwalimu wetu wa anatomia aliuruka kila alipotaka kutilia mkazo jambo, hata tukajua kwamba akiruka, hilo litatoka kwenye mtihani. Mifupa ya kujifunzia ilipoletwa ndani ya sanduku la mbao, mlinzi aliomba ahamishiwe lango la nyuma. Alisahau kwamba lango la nyuma ndilo la chumba cha maiti.

Lakini tabu yetu kubwa ilikuwa wagonjwa. Serikali inaweza kukuletea vitanda, haiwezi kukuletea mtu wa kukubali kupapaswa tumbo na wanafunzi kumi. Sokoni, mama muuza pweza aliniuliza, "Binti yangu, nyie ndio mnaokuja kujifunzia kwetu? Watu wa Dar wameisha?" Wodini, wakiona makoti yetu mafupi meupe yanaingia, wagonjwa wote walishikwa na usingizi kwa mpigo. Mtu aliyekuwa akinywa uji muda huohuo, kijiko mkononi, anakoroma.

Mimi usingizi ule uliniponza. Katika mtihani wa mwisho, ule wa kitandani, unapewa mgonjwa usiyemjua na saa moja ya kumhoji na kumpima, kisha unawaeleza watahini ana nini. Mgonjwa wangu alijifunika shuka hadi kichwani, akagoma. Nikaanguka. Mwezi uliofuata nikapewa marudio, na nikaambiwa wazi: ukianguka tena, fungasha urudi kwenu. Kwetu ni Kilwa Kivinje, na huko baba yangu alikuwa ameshaanza kuitika "Baba Daktari" dukani kwake. Aliyemwita kwa jina lake tu hakupimiwa sukari ikajaa.

Kwa ajili ya marudio hayo, sista mmoja wa wodi ya wanaume aliyetokea Rondo akaenda kwao kumbembeleza mzee mmoja, katekista mstaafu, aje alale kitandani siku moja. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona.

Niliingia na daftari mkononi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Kivinje."

"Kivinje ni mahali. Nakuuliza kabila."

"Baba yangu Mmatumbi."

Mzee akajiinua kwenye mto, macho yakamng'aa. "Ala! Mtani wangu! Na mimi Mmwera. Haya, kaa, kaa. Uliza unachotaka."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Tangu nikiwa mdogo nilimwona baba akitaniana na Wamwera waliokuja dukani. Aliwaambia duka limefungwa huku wamesimama ndani yake, nao wakambebea kigoda chake wakaondoka nacho. Neno la mtani hulichukui hivihivi. Lakini hofu ya mtihani hufuta akili. Nilijiona nimebahatika, nimepata mgonjwa anayesema.

Na alisema! Kwamba anakunywa uraka wa mabibo tangu hajaota ndevu. Kwamba msimu wa korosho ukiisha huhamia kwenye gongo, na gongo ikikosekana hulala na kiu, ananuna. Kwamba wake watatu walimkimbia kwa ulevi, na wa nne alibaki kwa sababu naye anakunywa. Niliandika yote, kurasa mbili, mwandiko mzuri.

Kisha nikampima. Bandama ni kiungo kinachojificha chini ya mbavu za kushoto, kwa mtu mzima mwenye afya hukigusi. Yake ilikuwa imeshuka hadi karibu na kitovu, ngumu, imetulia kama mpangaji asiyetaka kuhama. Lakini ini lilikuwa laini, mahali pake. Tumbo halikuwa na maji. Viganja havikuwa na wekundu wowote. Mikono yangu ilinong'ona kwamba huyu si mlevi. Mimi nikatazama zile kurasa mbili nilizojichosha kuziandika, nikaizima mikono.

Watahini walikuwa watatu, wawili wetu na mmoja wa nje, mama wa makamo kutoka bara, mwenye miwani, asiyepoteza tabasamu ovyo. Nikaeleza: ini limeharibiwa na pombe ya miaka mingi, likavimbisha bandama.

"Mikono yako imekubaliana na maneno yake?" akaniuliza yule mama.

"Imekubaliana," nikasema.

Akamgeukia mzee. "Baba, unakunywa pombe?"

"Mimi? Katekista? Hata divai ya kanisani naimeza shingo upande!" Akacheka mpaka machozi, akipiga godoro. "Huyu Mmatumbi! Ameandika na wake zangu wote!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mzee akaniangalia usoni, kicheko kikampungua, akamuuliza sista, "Kwani vipi?" Sista akamwambia kwamba kwa utani huo nafukuzwa chuo. Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko la hospitali, nikalia kwa sauti. Nilimchukia mzee yule, nikaichukia Rondo yote.

Asubuhi yake, mkuu wa kitivo alifika ofisini akamkuta katekista ameketi mlangoni na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Nami niliitwa kuchukua barua yangu ya kuondoka, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa macho.

"Hii ni faini," mzee akasema, akamweka jogoo juu ya meza, juu ya mafaili. "Kwetu, utani ukimtia mtu hasara, mtani analipa. Mimi nimelipa. Sasa mrudishieni mtoto mtihani wake."

Mkuu wa kitivo akasema kanuni za chuo hazina kitu kama hicho. Mzee akauliza kanuni zenyewe zina umri gani, utani una umri gani. Jogoo naye akatoa maoni yake juu ya faili la wizara. Katikati ya zogo hilo akaingia yule mama mtahini, aliyekuja kuaga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kwetu tuna watani," akasema. "Kosa la mzee limelipiwa. La binti je? Mimi nilimuuliza kuhusu mikono yake, si kuhusu mzee."

Wote wakanitazama. Nilitamani kusema lolote lingine. "Haikukubaliana," nikasema. "Iliniambia si pombe. Niliogopa kuiamini."

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga yake, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Rudi kitandani. Mzee asitoe neno hata moja."

Mzee akalala, akaziba mdomo kwa viganja viwili, nami nikampima upya, kimya, huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokibana. Nikasema ni malaria za miaka mingi ambazo hazikutibiwa vizuri. Nilifaulu kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa. Jogoo alifugwa uani kwa jiko mpaka siku ya mahafali, tukamla, na baba yangu aliyekuja na suti ya kuazima alichukua paja bila kuulizwa.

Habari ile ilienea kuliko tangazo lolote la chuo. Watu walikuja wodini kumwona mzee aliyelipa jogoo. Wakiona anapapaswa na anaamka mzima, wanacheka, na mtu akishacheka na wewe hawezi tena kujifanya anakoroma. Polepole mashuka yakafunguka. Leo tuna ghorofa, maabara, wanafunzi mpaka wa nje ya nchi, na kile chumba cha kufulia ni maktaba, ingawa mfereji bado upo. Wakubwa wakihutubia husema chuo kilikuzwa na majengo. Mimi nasema ni bandama.

Na kanuni tunayo. Kabla ya mtihani wa kitandani, msimamizi huuliza: je, mtahiniwa na mgonjwa ni watani? Wakiwa watani, mgonjwa hubadilishwa. Msimamizi huyo ni mimi.

Mzee aliendelea kuja kila msimu wa mitihani. Kwa wanafunzi wasio watani wake alikuwa mkweli kama msahafu. Kwangu mimi hakuacha. Nikipita na wanafunzi na kumuuliza hali, alisema ana mimba, au amenyonywa damu na Wamatumbi, nami nikawaambia waandike, ili wajifunze kama nilivyojifunza. Faili lake ni nene, na sehemu niliyoiandika mimi haina sentensi moja ya kweli.

Msimu wa korosho uliopita, aliletwa wakati si wa mitihani. Miguu imevimba, pumzi fupi. Safari hii haikuwa bandama, ulikuwa moyo. Nikavuta kiti, nikafungua faili.

"Babu, uraka je?"

"Sijawahi kunywa, mjukuu wangu."

"Wake wangapi?"

"Mmoja. Alitangulia mwaka juzi."

"Pumzi ilianza kukubana lini?"

Akaniambia siku, na saa, na mahali alipokuwa amekaa. Alijibu kila swali hivyo, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Mkono wangu ulikuwa kifuani pake na ulishaniambia yote, lakini si mkono ulionitisha. Niliogopa kwa sababu ya majibu yale. Nikafunga faili, nikamwinamia.

"Babu, mimi Mmatumbi. Nidanganye basi, hata neno moja."

Akanitazama sana. Kisha ngozi kando ya macho yake ikajikunja kama zamani.

"Nimepona," akasema.