Ng'ombe wa Mama Wawira

Harufu ya kichinjio haikunichukiza hata siku moja. Nililelewa ndani yake. Chini kidogo ya mtaa ambao sasa unaitwa Majimbo, mjini Embu, palikuwa na sakafu ya saruji, boriti mbili za kutundikia nyama na mfereji wa kupeleka damu bondeni. Kando yake ngozi ziliwambwa kwenye vigingi zikauke, nzi wakizivamia kutwa. Watoto wenzangu walipita mbio wameziba pua. Mimi nilikaa palepale nikitafuna muwa. Baba yangu, Mzee Shabani, ndiye aliyekuwa mchinjaji. Mji mzima ulimjua, kwa maana desturi ya huku ilikuwa kwamba mnyama wa kuuzwa au wa karamu achinjwe na Mwislamu, ili wote waweze kula, wa msikitini na wa kanisani. Mdogo wake, Salimu, alimsaidia kuchuna na kupasua. Salimu alikuwa na maneno matamu na mikono myepesi, na kila mtu alimpenda, mimi nikiwemo.

Ikaja Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Waembu wa mashambani walitolewa kwenye mashamba yao kwa nguvu, wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Sisi Waislamu wa mjini, mchanganyiko wa kila kabila, tuliachwa majumbani mwetu, na wengi wetu tukajifunza kutazama pembeni. Juu ya watu wote akawekwa mkubwa wa homgadi, wale askari wenyeji wa wakoloni, mtu wa shingo nene, aliyekuwa akipangusa mafuta mdomoni kwa mkono wa koti la serikali. Huyo alikuwa akiingia vijijini na kuchukua ng'ombe wa wanawake ambao waume zao wako kizuizini. Eti faini! Faini ya nini, Mungu wangu? Ya kuolewa?

Ijumaa moja asubuhi, msimu wa baridi, homgadi walimleta kichinjioni ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kilichojaa. Nilimtambua papo hapo. Alikuwa wa Mama Wawira, mwanamke aliyekuwa akituletea maziwa kwa kibuyu kabla hawajamfungia kijijini. Mkubwa alitaka kuwafanyia karamu wageni wake, machifu, maaskari wa Kiislamu kutoka kaskazini na wafanyabiashara wetu wa mjini, ndiyo maana alihitaji kisu cha baba. Mama Wawira alikuja nyuma ya ng'ombe akikimbia, mtoto mgongoni, kitoto chake Njeru, chenye shingo nyembamba na macho makubwa. Hakuwa na maziwa kifuani. Njaa ya kijijini ilikuwa imeyakausha.

"Baba Zaituni," akamwambia baba, akimwita kwa jina langu, "hii ng'ombe ndiyo chakula ya Njeru. Usikate. Nakuomba, usikate."

Baba alimtazama yule mtoto, kisha akakirudisha kisu alani. "Mnyama wa dhuluma sitamtajia jina la Mungu," akasema. "Mrudishieni mama ng'ombe wake."

Nikaona matumaini usoni mwa Mama Wawira, nami nikayaamini, maana bila mchinjaji Mwislamu karamu ile isingelika, na katika mji wetu mdogo wenye ruhusa ya kuchinja walikuwa ndugu hawa wawili tu. Mkubwa alimgeukia Salimu. Na baba yangu mdogo, yule wa maneno matamu, alicheka kidogo akasema, "Kaka ana kichwa kigumu tu, bwana mkubwa. Nipeni kamba." Akamlaza ng'ombe, akasoma Bismillahi kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayeswalisha, huku Mama Wawira akivutwa kwa nywele na kurudishwa barabarani. Maziwa yalitoka kwenye kiwele yakachanganyika na damu mferejini. Nilitapika muwa wote.

Homgadi walimchukua baba mchana huohuo. Na karamu, je? Ililiwa! Wazee waliotoka msikitini wananukia udi walikaa pamoja na wale homgadi wakatafuna, wakalamba vidole, wakamsifu Salimu kwa kuchagua minofu. Moshi wa nyama choma ulifika hadi kwetu, na hiyo ndiyo harufu iliyonishinda mpaka leo. Jioni Salimu alituletea mguu mzima. Mama yangu, ambaye hakuwa na kitu jikoni wala hakujua mumewe yuko wapi, aliupokea, akaenda nao moja kwa moja akautumbukiza chooni.

Njeru alikufa kabla ya baridi kuisha. Baba alirudi mavuno mawili baadaye, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Kichinjio kilikuwa cha Salimu tayari.

Basi sasa nenda Embu uulizie watu mashuhuri wa zamani. Utaambiwa Mzee Salimu: aliyejenga bucha ya kwanza ya mawe, aliyetoa kiwanja cha madrasa, ambaye mazishi yake yalifunga barabara. Juzi wametundika kibao pale penye kichinjio cha kale: "Aliulisha mji wakati wa Hali ya Hatari." Nami, kwa kuwa ndiye mkongwe wa ukoo, nikaitwa niseme mawili matatu. Nikasema. "Kweli aliulisha mji. Aliulisha ng'ombe wa Mama Wawira, na mtoto wake Njeru akafa njaa." Zamani watu wangeinamisha vichwa, maana walau walijua walichokula. Hawa walinipigia makofi! Mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti akicheka, "Asante bibi, wazee wetu wana hadithi," akawakaribisha watu chakula.

Wakaniletea sahani ya pilau yenye pande kubwa la nyama juu, heshima ya mgeni rasmi. Niliisukuma hadi ukingoni mwa meza. Kijana mmoja, mjukuu wa Salimu, mwenye tabasamu lilelile la babu yake, akainama sikioni mwangu.

"Bibi, ni ngumu? Nikuletee laini?"

"Meno yangu ni mazima," nikamwambia. "Ondoa."