Yowe la Baba Uwanjani

Baba yangu hakuwahi kuelewa kwa nini watu wazima wakimbie bila ng'ombe mbele yao. Kwake mbio zilikuwa na sababu mbili tu: ama unafukuza ng'ombe wako walioibwa, ama wenye ng'ombe wanakufukuza wewe. Siku mchungaji wetu wa kanisa alipoleta mpira wa ngozi kutoka Musoma, ameufunga nyuma ya baiskeli, baba aliushika, akaugeuza, akanusa pale penye kamba, akauliza hiyo ni ngozi ya ng'ombe wa nani. Alipoambiwa umetoka Ulaya aliurudisha haraka. Ng'ombe ambaye mwenyewe hajulikani, alisema, huleta kesi.

Hiyo ilikuwa Nyamwaga, miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa darasa la ubatizo. Tulisoma alasiri ndani ya kanisa letu la nyasi, na baada ya darasa ndipo mpira ulipotolewa, kwa hiyo siwezi kuapa ni kipi kilichonivuta zaidi. Mchungaji alijua. Ndiyo maana darasa lilitangulia. Alikuwa mtu wa hapo hapo, mwana wa wafugaji kama sisi, na ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa mpira, refa, na fundi wa kuushona ulipopasuka. Filimbi aliyotupulizia uwanjani ndiyo hiyo hiyo aliyotuitia sala.

Nilimwamini Mungu kwa moyo wote, ila nilikuwa na maswali yangu madogomadogo. Kwa mfano, kabla ya mechi sisi tulifumba macho tukaomba tushinde, na wenzetu upande wa pili, Wakristo kama sisi, nao walifumba macho wakaomba vilevile. Nilimhurumia Mungu. Nilipomuuliza mchungaji inakuwaje, alinijibu kwamba Mungu huwasaidia wale wanaorudi nyuma kukaba. Mimi nilikuwa mshambuliaji, na sikuwa na tabia ya kurudi nyuma. Jibu nililielewa lakini sikulipenda.

Swali kubwa lilikuwa ubatizo wenyewe. Mchungaji alikuwa na kanuni yake: kijana anayekula kwa baba yake habatizwi mpaka baba huyo asimame kanisani na kusema mbele ya watu kwamba amekubali. Alikuwa amechoka kugombezwa na wazee waliodai amewaibia watoto. Baba yangu hakukataa. Angekataa ningejua la kufanya. Ningesusa ugali, mama angeingilia kati, mambo yangekwenda. Yeye alisema tu, "Nitaona." Mwaka uliotangulia alisema hivyo hivyo mpaka wenzangu wote wakabatizwa, nami nikabaki na watoto walionifikia kiunoni, tukikariri pamoja amri kumi. Iliniuma sana. Sasa siku nyingine ya ubatizo ilikuwa imefika, Jumapili inayokuja, na nilipomkumbusha alisema kwa sasa anamfikiria ndama mgonjwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, vijana wa Nyansurura walicheza nasi. Walikuwa wametembea kutoka upande wa Serengeti, wakavuka Mto Mara, wakalala katika nyumba za washirika wetu, na jinsi walivyokula ugali usiku ule ilitutia wasiwasi kuhusu mechi. Uwanja ulikuwa kipande cha malisho, kwa hiyo baba naye alikuja. Hakuja kunitazama mimi, alisema, amekuja kuangalia majani yasiharibiwe. Alisimama pembeni na blanketi begani na fimbo mkononi, akawapa wachezaji kisogo kipindi chote cha kwanza.

Kipindi cha pili tukiwa sare, nilipata mpira nikawa peke yangu na beki wao mmoja, kijana mpana kama mlango wa zizi. Nilidhani nitampita. Sikumpita. Nilirushwa juu, nikaona anga, nikaona majani, nikatua chali na pumzi ikanikatika. Na kabla mchungaji hajapuliza filimbi, likapigwa yowe.

Kwetu yowe si kelele. Ukilisikia huulizi kitu. Unashika chochote kilicho karibu na unakimbilia upande ambao ng'ombe wanaweza kuwa wameswagwa na wezi. Anayebaki ameketi ataitwa kujieleza mbele ya wazee. Basi uwanja mzima ukaondoka. Kipa wetu aliacha goli, kipa wao akaacha lake. Kutoka vilimani watu walishuka na mikuki na pinde. Yule beki aliyeniangusha aliniruka, akaenda kuwatafuta wezi wetu kana kwamba ni wezi wa kwao. Na mchungaji, mtumishi wa Mungu, alitema filimbi, akang'oa mti wa goli, akatangulia mbele ya wote huku kaptula ikipepea. Punde si punde pale malishoni tulibaki mimi, mpira na aliyepiga yowe, yaani baba yangu.

Alikuja akaniinamia.

"Mura, umekufa?"

Mura ndivyo tunavyomwita kijana, kama baba tunavyomwita tata, na yeye aliniita hivyo siku ambazo hakuwa amekasirika.

"Hapana, tata."

"Umevunjika?"

"Nadhani sijavunjika."

Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Kisha akatazama vumbi la wale watu likielekea mtoni, na nikaona uso wake ukibadilika. Mtu anayepiga yowe la bure huchinja awalishe wote aliowasumbua, na baada ya hapo hutaniwa mpaka wajukuu zake waulizwe.

"Basi usisimame," alisema.

"Tata?"

"Lala hapo hapo. Wakirudi wakukute umelala. Ukiweza, toa povu kidogo."

Nikabaki chali natazama mawingu. Amri zote nilikuwa nazijua kwa moyo, nimezikariri miaka miwili, na sasa zilianza kugombana kichwani. Kushuhudia uongo kumekatazwa, ndiyo, lakini mtu aliyenyamaza anashuhudia nini? Mguu unaweza kusema uongo? Na ile ya kumheshimu baba mbona inatangulia? Nilijua pia, na hili halikuwa katika amri, kwamba nikimfichia aibu hii atakuwa na deni kwangu, na kesho "nitaona" yake ingegeuka kuwa "ndiyo". Nikisimama, hatakanyaga kanisani maisha yake yote. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoyataka maji yale ya ubatizo. Na kuyapata kulihitaji kulala tu.

Wakarudi wakihema, mchungaji bado amebeba mti wa goli. Mzee mmoja mwenye mkuki, aliyewazidi wenzake umri, akamkabili baba.

"Ng'ombe wamepita wapi? Tumefika mtoni hatujaona hata kinyesi."

Baba alininyooshea fimbo. Watu wote wakanizunguka, na mchungaji akapiga magoti akanishika mguu.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

Karibu na kichwa changu niliona miguu ya baba, vidole vyake vimeng'ang'ania majani. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu yeyote. Kisha nikasimama.

"Sijaumia," nilisema. "Baba alidhani nimekufa."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule beki wa Nyansurura, na wengine wakafuata. Mzee wa mkuki yeye hakucheka.

"Umetutoa mashambani kwa sababu mtoto ameanguka?"

"Wewe hukumwona alivyoanguka," baba alijibu. "Mimi nilikuwa namtazama. Nilidhani wameniulia mwanangu."

Sauti ilimkatika mwishoni. Kicheko kikapungua, na wengine wakaanza kuchunguza ncha za mikuki yao.

Hata hivyo desturi ni desturi, na jioni ile mbuzi mkubwa alichinjwa nyumbani kwetu. Nyansurura walikula kuliko wote. Baba hakunisemesha. Maini, ambayo kwa kawaida hakumgawia mtu, alimpa yule beki, na alipomaliza kula akamwongeza mbavu. Mama alinitazama akatikisa kichwa, nami nikaenda kulala nikijua mwaka mwingine utanikuta na wale watoto wa kiunoni.

Asubuhi nilikaa nao kabisa, nikamsaidia mmoja kufunga kifungo. Mchungaji aliwaita wazazi wa wenzangu mmoja mmoja, wakasimama wakasema waliyopaswa kusema. Alikuwa amekwisha kuchukua bakuli la maji mlango ulipotiwa giza na mtu mwenye blanketi. Baba aliingia na fimbo yake mpaka katikati ya kanisa. Hakusubiri kuulizwa.

"Yule pale ni wangu," alisema. "Jana nilimwambia anisaidie na uongo kidogo tu, mimi baba yake. Akakataa mbele ya watu. Amenigharimu mbuzi."

Watu wakacheka, naye akawangoja wamalize.

"Mtoto wa namna hiyo mimi peke yangu simwezi. Mmwagieni maji yenu."

Kisha akatafuta pa kukaa, akaenda moja kwa moja upande wa wanawake, ambako mwanamume haketi, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumhamisha. Mama akasogea kidogo kumpa nafasi. Nilipopiga magoti mbele ya mchungaji, maji yake yaliukuta uso wangu umekwisha kulowa.