Siku Kombe Lilipompita Baba

Nilikuwa na wiki mbili tu Dar es Salaam. Nilimleta baba kutoka Rombo kutibiwa macho, tukafikia kwa kaka yangu anayeishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Daktari alishatueleza bila kuzunguka: presha ya macho ilikuwa imekula pembeni kote, na kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kidogo kilichobaki. Baba aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukimwekea kikombe mbele anaona mkono wa kikombe, kikombe chenyewe hakioni.

Jumapili hiyo timu yake ilikuwa inarudi na kombe. Ameishabikia tangu hajaoa, kwa redio tu, na hajawahi kumwona mchezaji wake hata mmoja. Kaka akamwambia wataonyeshwa kwenye televisheni. Baba akajibu kwamba televisheni ya kusikiliza hata Rombo ipo.

"Nipeleke barabarani, mama," akaniambia. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Kaka alikuwa anawahi dukani. "Na wewe mwenyewe mji huujui," alinionya. Lakini hakutuzuia.

Tulishuka saa nne asubuhi, baba kanishika bega. Vijana walikuwa wamejipaka rangi usoni, bodaboda zinapiga honi mfululizo, mavuvuzela yanalia mpaka kifuani. Sikujua msafara ungepita barabara ipi. Niliyemuuliza alisema huku, mwingine akasema kule, mwishowe tukafuata watu tu. Karibu na soko la Kariakoo msongamano ukatubana. Mama mmoja wa buibui, muuza vyombo vya plastiki, akatuona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Dada, msogeze mzee huku kwangu, watamkanyaga."

Akampa kiti. Baba hakutaka kukaa, alisema amekuja kuona. Tulisubiri zaidi ya saa mbili juani. Kila baada ya muda aliniuliza watatokea upande gani, nami kila mara nilimjibu kwamba sijui.

Wakatokea kulia. Gari lilikuwa la wazi, linakwenda polepole, wachezaji wamejaa juu, na kombe limeinuliwa.

"Lile pale, baba. Juu, mbele ya gari."

"Juu wapi?"

"Fuata mkono wangu."

Hakuuona mkono wangu. Macho yake yalikuwa yanatafuta kwenye kuta za maghorofa, kwenye nyaya za umeme, kwenye migongo ya watu. Gari lilishatukaribia. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto unapomwosha uso, nikamgeuza. Kofia yake ikaanguka. Sijawahi kumgusa baba kichwani maishani mwangu.

"Hapo hapo. Kushoto kidogo. Panda juu."

Kila nilipomwelekeza, kombe lilikuwa limeshahama. Mchezaji mmoja alimpa mwenzake, yule akalipeleka upande wa pili, likashuka, likapanda tena. Nilimgeuza baba huku na huku. Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui kwa jua au kwa nini, na shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Kisha gari likapita. Zikafuata bodaboda, wakafuata watu wanaokimbia, ikabaki migongo.

"Umeliona?" nikauliza.

"Niachie kichwa," akasema taratibu.

Nilikuwa bado nimemshika. Yule mama aliokota kofia, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, akampa mkononi. Tulirudi, na njiani tukapotea mara mbili.

Jioni kaka alipouliza, baba alisimulia yote. Nahodha alilishika kwa mkono wa kushoto, alisema, lina tepe mbili, na jua lilipolipiga watu walifumba macho. Nahodha ninayemkumbuka mimi alikuwa amekaa nyuma, anapunga mkono. Kombe hakulishika kwa wakati wote nilioliona.

"Muulize dada yako," baba akamalizia, uso ameuelekeza upande ambao sikuwapo.

Kaka akanitazama. Nikasema ndiyo, ilikuwa hivyo hivyo, nikaenda jikoni kutazama wali ambao ulikuwa umeshaiva zamani.