Kiti cha Pili

Fundi wa makochi hakuwahi kupanda ndege maishani. Kwa miaka kumi na tisa alishona viti, akabandika sponji na kugombana na wateja wanaotaka ngozi kwa bei ya kitambaa. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na aliyeonja makali hayo zaidi ni mume wa binti yake, kijana mpole aliyeachishwa kazi kiwandani. "Mume suruali," alimwita, tena mbele za watu.

Siku moja Tajiri, mwenye kindege kilichovusha sigara za magendo mpakani, alimwita kung'oa viti ili makatoni yaenee. Fundi akaona ngekewa imemdondokea. Akamwombea mkwe wake kazi ya kupakia na kushusha mizigo, akakubaliwa. Kwamba ni magendo alijua fika, ila alijiambia njaa haina adabu. Mwongo mkubwa! Yeye alikuwa anakula na kusaza.

Aling'oa viti vinne. Kikabaki cha rubani na kimoja pembeni yake. Tajiri akachungulia.

"Na hicho?"

"Hicho cha mpakiaji."

"Atakaa juu ya makatoni. Kwani anaenda kuposa?"

Wakacheka wote wawili. Fundi akafungua nati nne, kiti kikatoka. Hata jasho halikumtoka.

Ndege ilianguka safari ya tatu, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mzigo ulikuwa umezidi, ikashindwa kuvuka kilima. Rubani alichomolewa kwenye mkanda wake akiwa hai, mguu umevunjika. Mkwe alikutwa amebanwa mbele, makatoni yote yamemlalia. Kisha moto ukala kilichobaki.

Rubani, kwa kumwogopa Tajiri, aliwaambia polisi kwamba marehemu hakufunga mkanda. Hakusema uongo. Alichoacha kusema ni kwamba hapakuwa na mkanda. Basi mtaa mzima ukashika hilo: kijana amejiua kwa uzembe. Fundi, bingwa wa maneno, alisikia yote hayo msibani akainamia kikombe chake cha chai. Woga mtupu, wala tusiupambe.

Wiki tatu baadaye binti yake alikuja karakanani, mtoto mgongoni.

"Baba, leo dukani wamemsema tena. Huyu akikua ataambiwa baba yake alikufa kizembe."

Fundi aliweka sindano chini.

"Mkanda haukuwepo, mwanangu. Kiti nilikitoa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia siku ya kwanza tu. Nikamwambia, mwambie baba akirudishe. Akasema, 'Nianzeje kumwambia mkwe wangu kazi yake ina kasoro?' Nimekaa wiki tatu nangoja useme mwenyewe."

Fundi akaketi juu ya rundo la sponji. Aibu ilimpanda, na juu ya aibu hasira, maana mtu mzima akibanwa hutafuta wa kugawana naye lawama.

"Sasa wewe ulijua ukanyamaza? Mimi si baba yako? Ungekuja kuniambia, ningekirudisha siku hiyo hiyo!"

Binti alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, taratibu, asimwamshe.

"Alinikataza, baba. Alisema utamcheka, kwamba sasa anatuma mke amsemee."